Vihenge Sitini vya Isululu

Kila mashine ya kura ilipotema namba, Loisi Mheta aliisoma kwa sauti, na Amosi Chilongani akaijibu kwa jina la mtu.

“Mia nne na tatu.”

“Ndahani. Alikuwa fundi baiskeli.”

“Elfu moja mia sita na kumi.”

“Mama Sechelela. Ana kisukari, huyo tumwamshe taratibu.”

Amosi hakuwa anasoma popote. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akipita kila siku kati ya safu za vihenge, akigusa vifuniko, akisikiliza pampu, hata watu elfu mbili na mia nne waliolala ndani ya mlima Isululu wakamkaa kichwani kama majirani wa mtaa mmoja. Walipolazwa alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne. Sasa kichwa chake kilikuwa cheupe kama pamba, na ndevu vilevile. Wao hawakuwa wamezeeka hata kwa siku moja.

Jina la vihenge walilitoa wenyeji tangu mwanzo, na Mamlaka ya Uamsho ilishindwa kulifuta. Ukame ulipoingia mwaka wa saba na visima vya uwanda wote vikatoa vumbi, watu walipewa hiari ya kuhama au kulala. Waliochagua kulala walidungwa dawa, kila mmoja akalazwa ndani ya pipa refu lililojaa ute baridi, kifuniko kikakazwa. Mkulima mwenye nafaka ya kuvusha njaa huitia kwenye kihenge. Wao walijitia wenyewe.

Kisha, mwezi uliopita, ardhi ilitikisika. Mtikisiko wenyewe haukufika urefu wa sala ya Baba Yetu, lakini ulikata nyaya zote za vipimauhai, na pampu za baridi zikasimama siku nzima kabla Amosi hajazifufua. Tangu hapo ile taa ndogo juu ya kila kihenge, iliyokuwa ikionyesha kwamba aliyemo yu hai, ilikuwa imezimika. Kujua kilichomo kulikuwa na njia moja tu, nayo ni kufungua. Na aliyefunguliwa harudi usingizini, maana damu ya mtu huikubali dawa ile mara moja tu maishani. Nje ya mlima, bustani ya kituo ilitosha kulisha watu mia moja, tena kwa kubanabana.

Ndiyo sababu Loisi akaletwa. Kazi aliyoanzia ujanani ilikuwa kukagua nafaka. Unachoma gunia kwa bambo, unatoa konzi moja ya mahindi, na kwa konzi hiyo unasema kama shehena nzima imeingiwa na fukusi, wadudu wa nafaka. Mamlaka ilitaka afanye vivyo hivyo hapa. Wangefungua vihenge sitini, na kila kimoja kingesema kwa niaba ya arobaini. Wakikutwa wafu wasiozidi sita, yaani mmoja katika kila kumi, ingehesabiwa kwamba mtikisiko umekwisha chukua wa kuchukua, na waliobaki wangeachwa wasubiri mvua iliyotarajiwa baada ya miaka mitatu. Wakizidi hapo, basi dawa yenyewe imeharibika na mauti yanaendelea. Treni ingetumwa, wote waamshwe na kuhamishwa. Treni hiyo ilikuwa moja, na maghala ya watu waliolala yaliyoihitaji yalikuwa matatu.

“Elfu mbili na tisini na moja,” Loisi alisoma.

Amosi alinyamaza. Loisi alidhani hakusikia, akarudia.

“Nimesikia.” Aliketi juu ya sanduku la vifaa. “Huyo ni Foibe.”

Kituo kizima kilimwita Baba Foibe. Loisi naye alilichukua jina hilo kwa mpishi, bila kuwaza kwamba Foibe mwenyewe lazima yuko mahali fulani.

“Mwanao?”

“Ana miaka mitano. Alilazwa pamoja na mama yake, mimi nikabaki kwa sababu ya ufundi.” Alinyanyua uso. “Dada, mrudishe.”

“Siwezi, Baba Foibe. Ukianza kuchagua, kura si kura tena.”

“Mvua haijaja. Utamwamsha mtoto umlishe nini? Haya, huyu wangu ana baba. Tangu asubuhi umekwisha taja wengine wawili, yule wa kina Mazoya na pacha wa Lehani. Wao baba zao na mama zao wamo humu humu, wamelala. Wakiamka wakaita mama, ataitika nani? Wewe?”

“Kura haina macho,” Loisi alisema. “Ndiyo maana tunaiamini.”

“Wewe unayo.”

Loisi aliondoka mezani, akaenda hadi mwisho wa safu ya kwanza, akarudi, akaenda tena. Familia yake ilikuwa miongoni mwa waliochagua kuhama. Alikuwa na miaka kumi na sita, na kitu alichokikumbuka zaidi kambini hakikuwa njaa. Walikuwa wale watoto waliopotezana na wazazi njiani, jinsi walivyomshika kila mwanamke aliyepita upindo wa kanga, wakamtazama usoni, wakaachia.

“Walio chini ya miaka kumi tuwaruke,” alisema hatimaye. “Ikitoka namba ya mtoto tunapiga kura upya mpaka atoke mtu mzima. Kifo hakiulizi umri. Mtu ni mtu.”

Amosi aliushika mkono wake kwa mikono yake miwili. “Mungu akuzidishie.”

Mashine ilipomaliza, watoto tisa walikuwa wamerukwa.

*

Kumwamsha mtu ni kazi ya subira. Kwanza unafungua bomba la chini, ute unatoka polepole, halafu unapasha moto mgongo, halafu kifua, mikono na miguu mwisho kabisa, la sivyo damu baridi hukimbilia moyoni ikausimamisha. Pumzi ya kwanza huja na kikohozi kibaya, kama cha mtu aliyepaliwa na maji ya kisima. Kisha uji mwembamba, kijiko kimoja kimoja. Ndahani fundi baiskeli aliamka, akauliza kama kuna mtu aliyeigusa baiskeli yake. Mama Sechelela alilia, halafu akaomba chumvi.

Watatu hawakukohoa. Ute wao ulitoka ukiwa mweupe kama maziwa, na Amosi alijua maana yake kabla ya kuwagusa. Ute unaomzunguka maiti hauchukui siku nyingi kuchafuka. Huu ulikuwa umeganda hadi kwenye kingo. Walikuwa wamekufa siku ile ya mtikisiko.

Miongoni mwa waliofunguliwa mwishoni alikuwa Perusi Chidawali, mwalimu wa shule ya msingi. Alipokwisha kukohoa alifumbua macho, akamtazama Amosi kwa muda mrefu, akashtuka.

“Amosi? Nini kimekupata? Jana ulikuwa kijana.”

“Jana yako ina miaka ishirini na miwili, shemeji.”

Perusi alijishika uso wake mwenyewe, akaupapasa kama anayetafuta kidonda, kisha akauliza kama mvua imenyesha. Walipomwambia bado, aliuliza kwa nini basi wamemwamsha.

Jioni hiyo Loisi alimpigia redio Mratibu Kalumuna, aliyekuwa makao makuu ya Mamlaka. Watatu katika sitini, alisema. Mmoja katika kila ishirini. Kwa elfu mbili na mia nne, ni watu kama mia moja na ishirini waliopotea, chini ya kile kikomo cha Mamlaka.

“Poleni,” sauti ya Mratibu ilisema, na Loisi aliweza kusikia jinsi alivyoshusha pumzi. “Poleni sana, lakini ahsante. Sasa treni naipeleka ghala la kusini, huko wana hali mbaya. Itaondoka keshokutwa asubuhi. Watu wako wa Isululu waache walale.”

Kazi ilikuwa imekwisha. Mpishi alichinja kuku wawili waliobaki, na wale walioamka walikaa wakiimba nyimbo ambazo nchi ilikuwa imekwisha zisahau. Loisi alishindwa kumaliza sahani yake. Aliinuka kuosha mikono, akaketi, akainuka tena kuosha mikono iliyokuwa safi. Kitu kilikuwa kinamtembea chini ya ngozi na hakukijua jina.

*

Siku iliyofuata alimkuta Perusi ameketi kwenye ukingo wa bustani, shuka mabegani, anaota jua. Alitaka kupita, lakini Perusi akamwita.

“Dada, wanasema wewe ndiye uliyehesabu. Nina mwanangu humo ndani, Meshaki, wa miaka saba. Sijui yuko safu gani. Yeye ni mzima?”

“Kwa hesabu tuliyoifanya, katika kila watu ishirini, kumi na tisa ni wazima. Uwezekano ni mkubwa, Mama Meshaki.”

“Katika kila watu ishirini.” Perusi alilirudia taratibu, kimwalimu. “Humu nimeona wazee, nimeona wanaume, nimeona wale akina mama. Watoto mmewaweka wapi?”

“Watoto wamelala.”

“Wote? Hamkufungua hata mmoja?”

Loisi alibaki amesimama na jua linampiga utosini, na kile kilichokuwa kikimtembea tangu jana kilisimama na kujitaja. Watoto ndani ya mlima walikuwa mia nne, moja ya sita ya wote. Katika sitini walipaswa kuwa kama kumi, na kura, isiyo na macho, ilikuwa imetoa tisa. Ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa. Yeye ndiye aliyewaondoa.

Na pampu zilisimama siku nzima. Sufuria dogo hushika moto upesi kuliko sufuria kubwa, mpishi yeyote anajua. Mwili mdogo ndani ya ute unaopata joto ungewahi kupata joto kabla ya mwili wa mtu mzima, na dawa ikishapata joto huanza kuchacha.

“Sikiliza,” alimwambia Perusi, “mwanao sina ninalolijua juu yake. Nimekudanganya sasa hivi. Sikukusudia, lakini nimekudanganya.”

Akageuka, akaenda mlimani karibu kukimbia. Perusi alikusanya shuka lake, akamfuata kwa miguu yake ambayo bado ilikuwa mizito.

Amosi walimkuta kwenye pampu, anapiga mluzi, anafunga nati. Ufunguo wa vihenge ulikuwa unaning’inia kiunoni mwake kama kila siku.

“Wale tisa,” Loisi alisema. “Tuwafungue.”

Mluzi ulikatika. “Hesabu si umekwisha tuma?”

“Nimetuma hesabu ya watu wazima nikaiita ya wote. Nilichoma bambo kwenye magunia ya mahindi, nikatoa hukumu juu ya maharage. Baba Foibe, kama watoto wako kama wakubwa, basi wacha walale, nitakuomba radhi. Kama hawako hivyo, wanakufa hivi tunavyoongea, na treni inaondoka kesho.”

“Kama. Kama.” Amosi aliushika ufunguo. “Mtoto ukimwamsha vibaya unamuua wewe. Nimeona, wakati wa majaribio ya mwanzo. Mimi nimemlinda miaka ishirini na miwili. Sijalala kwa raha hata siku moja pampu ikibadili sauti. Leo nimfungue kwa sababu ya kama yako?”

“Kura ilimtoa yeye.”

“Na wewe ukamrudisha! Ulisema mtu ni mtu. Nilikushukuru.”

“Nilikosea, na wewe ndiye uliyeniomba nikosee.”

Lilikuwa neno gumu, na Loisi alitamani kulirudisha palepale. Amosi alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa pampu. Ndipo Perusi, aliyekuwa amefika na kuegemea nguzo akitweta, aliposema.

“Mfungueni Meshaki badala yake.”

Wote wawili walimgeukia.

“Mtoto kwa mtoto,” Perusi alisema. “Mimi niko macho, akiamka atamkuta mama yake. Foibe mwacheni alale kama baba yake anavyotaka. Wale wanane wengine muwafungue kama kura ilivyosema.”

“Shemeji, unajua unachosema?” Amosi aliuliza. “Ukikuta…”

“Nikikuta amekufa, alikuwa amekufa kabla sijafungua mdomo. Kufungua hakubadilishi hilo. Kunabadilisha tu kwamba nitajua.”

Loisi alitembea hatua chache, akarudi. Kwa upande wa hesabu, dhara lilikuwa dogo. Hakuna aliyejua hali ya yeyote kati ya wale wawili, na mtoto angesimama mahali pa mtoto. Lakini hata ile mara ya kwanza alikuwa na sababu nzuri. Aliitafuta kasoro kama mtu anayetafuta mwiba kwenye kidole, akaona kubwa ni moja tu: huyu mama hakupaswa kuulizwa, na alikuwa amejitoa bila kuulizwa.

“Haya,” alisema. “Na iwe hivyo.”

Amosi aliuvua ufunguo kiunoni. Hakumtazama Perusi.

*

Wa kina Mazoya aliamka wa kwanza. Alikohoa, akapiga mayowe, akamwona Perusi na kumng’ang’ania shingoni bila kujali ni nani. Perusi alimlisha uji akiwa amempakata. Kisha wakamfungua pacha wa Lehani, na ute ulipoanza kutoka ulikuwa mweupe. Amosi alifunika uso wa mtoto kwa kitambaa. Wa tatu alikuwa mzima. Wa nne alikuwa mzima, akataka kukojoa. Wa tano ute ulikuwa mweupe. Loisi aliacha kusema namba kwa sauti. Alifanya kazi kwa haraka na kwa uangalifu, na kila bomba lilipofunguliwa alitazama kwanza rangi ya ute.

Wanane walipokwisha, watano walikuwa wakilia na kula, na watatu walikuwa wamelazwa chini ya kitambaa. Mpishi na Mama Sechelela walikuja kuwachukua walio hai.

Kihenge cha Meshaki kilikuwa katika safu ya mbali. Amosi alipofungua bomba, ute ulitiririka safi, mwangavu kama maji ya mvua, na Perusi akatoa sauti ndogo ya furaha. Kifuniko kilipoinuliwa mtoto alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja chini ya shavu. Mashavu yake yalikuwa laini. Loisi alianza kupasha mgongo. Kisha kifua. Alingoja. Aliweka vidole viwili shingoni, akavihamisha kidogo, akavihamisha tena. Alianza kukikanda kifua kwa kiganja, taratibu, kisha kwa nguvu, na Amosi akapuliza pumzi yake mwenyewe kinywani mwa mtoto. Walifanya hivyo hadi jasho la Loisi likaanza kudondoka juu ya mtoto, na Amosi akamshika mkono.

“Basi, dada.”

Perusi alikuwa amepiga magoti. Hakupiga kelele. Alikuwa anaupangusa ute kwenye nyusi za mwanawe kwa ncha ya shuka.

“Wale wengine ute wao ulikuwa mweupe,” alisema bila kuinua kichwa. “Wa huyu si mweupe.”

Amosi alifunga bomba.

“Lini?” Perusi aliuliza.

Amosi alimtazama Loisi, akatikisa kichwa, kidogo tu, kama anayemwomba. Ilikuwa rahisi. Siku ya mtikisiko, pamoja na wale wengine, hakusikia kitu. Perusi alikuwa amelala mlimani miaka ishirini na miwili, asingejua tofauti ya ute na ute. Loisi aliona uongo huo umesimama tayari kinywani, umevaa nguo za huruma, na alikuwa amekwisha uona uso huo wa huruma siku ya kura.

“Jana,” alisema. “Au juzi. Haizidi hapo.”

Mkono wa Perusi ulisimama.

“Jana nilikuwa nakula kuku.”

“Ndiyo.”

“Mngefungua watoto siku ile mliyofungua wengine…”

“Tungejua. Tungewaamsha wote. Angekuwa hai, au angekuwa na nafasi. Mimi ndiye niliyewaruka, Mama Meshaki. Nilisema tuwaruke kwa kuwaonea huruma.”

Perusi alimtazama. Macho yake yalikuwa makavu na hayakuwa na hasira, na Loisi angependelea hasira.

“Ondoka mbele yangu,” Perusi alisema.

*

“Wanne katika tisa,” Loisi alisema redioni. Alikuwa amesimama, maana kiti kilimchoma. “Watoto ni mia nne. Ukipeleka uwiano huo kwao wote, ni kama mia moja na themanini. Tisa ni wachache, Mheshimiwa, naweza kukosea sana. Wanaweza kuwa sitini, wanaweza kuwa mia tatu. Lakini mmoja kati ya hao tisa alikufa jana au juzi. Haijaisha. Inaendelea.”

“Jana uliniambia mmoja katika ishirini.”

“Jana niliondoa watoto kwenye sampuli. Nilipaswa kukuambia na sikukuambia.”

Redio ilikoroma. Mratibu aliposema tena sauti yake ilikuwa imechoka. “Bi Mheta, unajua ghala la kusini nimewaahidi? Unajua kila behewa nitakalokupa wewe kuna mtu kule ambaye halitamfikia?”

“Najua.”

“Watu wazima?”

“Watu wazima naamini watahimili. Sitini waliofunguliwa ni watu wazima watupu, na wale watatu wote walikufa siku moja. Hao nawaacha walale. Nataka mabehewa ya watoto.”

“Watoto bila wazazi wao.”

“Ndiyo.”

Redioni zilisikika karatasi zikipekuliwa.

“Mabehewa manne,” Mratibu alisema. “Yatakatwa njia panda, yatafika huko kesho mchana. Usiniombe la tano. Na ukimaliza, uje huku ujieleze.”

“Nitakuja.”

Aliporudi mlimani alikuta taa za safu zote za watoto zimewashwa. Ndahani na wengine waliokwisha pata nguvu walikuwa wamepanga mablanketi na masufuria ya maji ya moto. Kwenye kihenge namba elfu mbili na tisini na moja Amosi alikuwa amesimama, ufunguo umeingia tunduni, mkono juu ya ufunguo, wala haugeuki.

“Tunakuhitaji, Baba Foibe,” Loisi alisema. “Huyu na wengine mia tatu na tisini.”

“Nilikudanganya,” Amosi alisema. “Njaa ilikuwa kweli, na hatari ilikuwa kweli. Lakini hofu yangu haikuwa hiyo. Kila mwaka nilikuwa nakuja hapa nasema, mwaka ujao ataamka. Nilianza kuona aibu kwake. Mtoto alilala baba yake akiwa kijana, akimbeba mabegani. Nilitaka mama yake aamke kwanza amwambie.” Aligusa kifuniko. “Na huyu mwingine amekufa mahali pake.”

“Hakufa mahali pa mtu. Alikufa mahali pake mwenyewe, na kosa ni la kwangu. Geuza.”

Amosi aligeuza. Ute ulianza kutoka, mwangavu, na wote wawili walijua kwamba wa Meshaki nao ulikuwa mwangavu. Loisi alipasha mgongo. Alipasha kifua. Amosi alikuwa ameshika ukingo wa kihenge kwa mikono miwili. Muda ulipita, ukapita zaidi ya ulivyopaswa, na Loisi alikuwa amekwisha weka kiganja kifuani tayari kukanda, mtoto alipokohoa.

Alikohoa tena, akatema ute, akavuta pumzi ya kelele. Amosi alimwinua, akamfunga blanketi, akampigapiga mgongoni kama anayecheulisha mtoto mchanga. Foibe alifikicha macho. Alimtazama mzee aliyempakata, akaziangalia nywele nyeupe, ndevu nyeupe, mikunjo, naye kama mtoto aliyefunzwa adabu akainamisha kichwa.

“Shikamoo, babu.”

Uso wa Amosi ulikunjamana, kisha ukatulia.

“Marahaba, mama,” alisema. “Una njaa?”

Mtoto aliitikia kwa kichwa. Pembeni yao, mtu mmoja alikuwa anaita apelekewe ufunguo, na kutoka safu nyingine mwingine naye anaita. Amosi aligeuka huku na huku akitafuta wa kumwachia mtoto. Mpishi alikuwa amebeba wawili. Mama Sechelela alikuwa na watatu magotini.

Perusi alikuwa amekuja. Alikuwa amenawa mikono hadi kwenye viwiko, na shuka lake lilibaki kule alikotoka. Alisimama mbele ya Amosi, akamtazama Foibe kwa muda, midomo imebana. Amosi hakuthubutu kunyoosha mikono.

“Mlete,” Perusi alisema. “Uji unapoa.”

Alimpokea mtoto, akamweka kiunoni, akaenda naye. Amosi aliuchomoa ufunguo, na yeye na Loisi wakasogea kwenye kihenge kilichofuata.